Moteri Iliyobebwa na Watu Wanane

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipoutaja mimi utatajwa na wengine, na wao hawautaji vizuri. Mimi ndiye niliyemwaga ndoo nzima ya maji ya kisima kwenye moteri ya moto ya gari la kaka yangu. Hakuna aliyenituma. Gari lilikuwa limeingia lupango, uani kwetu, likitoa mvuke puani, kaka akafunua boneti na kifuniko cha radiateri, akaacha vyote wazi, akaenda kusimama barabarani kupokea sifa za majirani. Mimi nikaona chuma kinateseka. Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uliotangulia, na diploma yangu ilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya kioo, juu ya redio. Fizikia nilipata nusu ya alama. Ile nusu niliyokosa, nadhani ndimo yalimokuwa maji baridi na chuma cha moto. Nilimimina sehemu ya ndoo kwenye radiateri, iliyobaki nikairusha juu ya moteri yenyewe, kwa mkono wa mtu anayezima moto wa jikoni. Ulisikika mlio mdogo, ta, kama ukuni mkavu unavyovunjwa kwa goti. Kuku wakanyamaza. Mimi nikajisifu kimoyomoyo, kwa sababu mvuke ulikuwa umekwisha.

Nayakumbuka haya kwa sababu juma lililopita tumemzika Fundi Ramazani, aliyekuwa wa kwanza kunieleza nilichofanya siku ile. Ramazani hakuwa fundi tu kwetu, alikuwa mutani. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi ambazo hata wazee wamesahau sababu. Wengine wanasema babu zetu walipigana wakachoka, wengine wanasema walikula pamoja mbuzi wa wizi. Mutani ana ruhusa ya kusema lolote. Anaingia nyumbani bila hodi, anafunua vyungu, anakuita mchawi mbele ya wakwe zako, anakutabiria kifo na kukutajia wali atakaokula kwenye msiba wako, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mimi tangu natambaa aliniita bibi yangu, yaani mke wake, ingawa alikuwa na wajukuu wa rika langu, na nilipojua kusema nikamwita mume wangu mubaya. Watu wa nje wakituona wanasema ni mchezo. Ni mchezo kweli, lakini una shimo moja ambalo sijasikia mtu akilitaja: mtu aliyeruhusiwa kusema lolote, siku akiwa na neno la kweli, hana mahali pa kuliweka.

Siku ile ya ndoo alikuja na karanga zake mfukoni, akachomoa ufito wa kupimia mafuta ya moteri, akanisogezea ncha yake puani. "Bibi yangu, ona. Umepika chai ya maziwa." Mafuta yalikuwa yamepauka kweli, rangi ya chai, na mapovu juu. Akaeleza kwamba kulasi, ule mfuniko mzito wa chuma unaokaa juu ya silinda, umepasuka, na sasa maji yanaingia kwenye mafuta na mafuta kwenye maji. "Mutu mwenye diploma," akasema, "akivunja kitu, havunji sahani." Kaka alicheka, ingawa mashavu hayakufuata. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaingia chumbani nikalilia mto, na nilipotoka nikasema ni vitunguu, siku ambayo nyumba nzima haikuwa na kitunguu hata kimoja.

Gari lenyewe lilikuwa la watu wawili, jekundu, la michezo kama wanavyosema, la chini kiasi kwamba ukikaa ndani makalio yanahesabu kokoto. Muzungu mmoja wa kampuni ya pamba alikuwa ameliacha kwenye hangari, ghala lake, akaondoka, na kwa miaka mingi kuku wakataga juu ya viti vyake. Kaka yangu Asumani, aliyekuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji upande wa kijiji cha Wamaza, njia ya Kabambare, alilipata kwa mlinzi mzee wa hangari, na Ramazani akalifufua polepole, kwa vipande vya lori na vya mashine ya kukoboa mpunga. Watu wa Kasongo wakaliita Kenge, kwa jinsi lilivyotambaa. Mwaka mwingine wowote lingebaki kuzunguka sokoni na msikitini tu, kwa sababu barabara zetu hata pikipiki zinazililia. Lakini mwaka ule greda ilikuwa imepita. Ilikwangua njia yote mpaka Kabambare, ikawa nyekundu na laini kama ukuta uliopakwa udongo jana, na kila mtu alijua kwamba mvua zikirudi zitaila. Kaka alikuwa amechumbia Wamaza, binti anayeitwa Zena. Alikuwa amewaahidi wakwe, mbele ya mashahidi, kwamba atakuja kumchukua binti yao ndani ya Kenge. Siku ilikuwa imepangwa, mbuzi walikuwa wametajwa. Kisha mimi na ndoo yangu.

Shauri lilikaa sebuleni kwetu Ijumaa, baada ya sala. Nilipika wali, samaki wa Lualaba kwa mawese, na sombe, yale majani ya muhogo, nikaweka katikati ya mkeka, halafu nikafanya kama wanawake wote wa nyumba yetu walivyofanya: nikakaa kwenye ushoroba nje ya pazia, na bakuli la mchele wa kuchagua mapajani, ili masikio yawe na sababu ya kuwa pale. Walikuwa watatu. Kaka, Ramazani, na fundi mwingine aliyeitwa Dido, mtu wa Bukavu aliyewafuata wachimba dhahabu akagundua kwamba mashine zao za kusaga mawe zinakufa haraka kuliko wao, akawa mganga wa mashine. Dido alivaa viatu vyeupe hata chini ya gari. Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeuza shamba, akimwita kaka yaya, kama sisi tunavyowaita wakubwa wetu.

"Yaya Asumani, kulasi hiyo unaweza kuituma Bukavu. Wataichoma ufa, wataisawazisha, itarudi. Miezi mitatu, mine. Mvua itakuwa imekula barabara. Na ikirudi utakuwa na nini? Moteri ya bibi kizee. Mimi najua moteri ya jeep, iko njia ya Kabambare. Jeep yenyewe ilianguka, lakini moteri iko nzima. Tunaileta, tunaiweka. Kenge atapanda mulima kama anashuka."

Ramazani alikuwa na wali mdomoni. "Na akishuka?"

Walicheka. Kaka akamuuliza, "Akishuka nini, mutani?"

"Akishuka, atashuka." Akameza, akasukuma mguu mbele kama dereva anayekanyaga breki. "Freni za gari hii zilitengenezwa kwa bibi kizee. Bibi kizee akikimbia, unamushika kwa kikwembe cha kiunoni anasimama. Sasa unataka kufunga kikwembe kile kile kwa nyati. Hiyo moteri itaua mutu, Asumani. Mimi sina shida, nitakula wali wa matanga yako, na bibi yangu yule kwa pazia njo atapika. Bibi yangu, siku hiyo punguza chumvi."

Hata mimi nilicheka, na mchele ukamwagika. Dido alicheka mpaka akafuta macho. Ramazani alisema jambo lile lile kwa namna mbili nyingine, moja ikiwa na mbuzi na nyingine ikiwa na imamu aliyeteleza bafuni, na kila mara kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, kwa sababu alikuwa hodari, na sisi tulikuwa tumeshiba. Mwishoni alitoa ushauri wake: kulasi iende Bukavu, kaka aende Wamaza kwa pikipiki kama watu wote, na Kenge asubiri mwaka mwingine. Kaka akasema, "Nikifika na pikipiki nitakuwa kama watu wote. Hiyo njo shida yenyewe." Basi ikaamuliwa moteri ya jeep.

Leo, ninapoukumbuka ule ushoroba, ninajua kwamba nilifurahi. Kulasi iliyopasuka ilikuwa imewekwa barazani kwetu, karibu na mlango, na kila mgeni alionyeshwa ufa wake na kusimuliwa ndoo. Wengine waliomba nije nionekane. Imamu mwenyewe aliupapasa ufa kwa kidole akasema hakika Mungu ndiye anayejua. Kama ingetumwa Bukavu, hadithi yangu ingesafiri nayo miezi minne, ikarudi imenenepa. Lakini moteri ya jeep ikiingia, kulasi inakuwa chuma cha kuzuia mlango, na mimi narudi kuwa mtu. Hayo niliyawaza nikichagua mchele, na sikuona aibu.

Moteri ililetwa baada ya juma moja. Gari la kuibeba halikuwako, na baiskeli ilivunjika njiani, kwa hiyo kutoka mahali fulani huko nyuma ilibebwa na watu wanane, imefungwa kwa kamba chini ya miti miwili, imefunikwa na turubai kwa ajili ya vumbi. Walipoingia mtaani kwetu walikuwa wanatembea kwa hatua moja, polepole, vichwa chini kwa uzito. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani waliweka ndoo chini na kusimama pembeni. Mmoja akavuta kitambaa kichwani akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani?" Aliyebeba mbele akamjibu, "Ni moteri, mama." Yule mama hakucheka. Alingoja mpaka wakapita wote, kama inavyotakiwa, ndipo akabeba ndoo yake. Mimi nilisimulia jambo hilo usiku mzima kama kichekesho. Nilikuwa hodari wa kuona kichekesho mwaka ule.

Siku tatu kabla ya Dido kuifunga, Ramazani alikuja jikoni kwangu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, sombe iko motoni. Hakufunua chungu. Nilimsogezea sahani kabla hajaomba, ili nimcheke, na yeye akaisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Mume wangu mubaya anaumwa?"

"Siumwi. Kaa."

Nikakaa juu ya kinu kilicholala. Akatoa mfukoni vipande viwili vya mpira, vyeusi, vidogo kama pete ya kidole gumba, akaviweka kwenye kiganja changu. Vilikuwa vimepasuka pasuka ukingoni, na nilipovibana vikaacha weusi kwenye vidole.

"Hizi ni mpira za zamani za freni ya mbele, na zile ziko ndani sasa ni ndugu zao. Nilizikata mimi, kwa mpira ya gurudumu ya lori, kwa sababu za kweli haziko. Haziko Kasongo, haziko Kindu. Kwa moteri ndogo zilitosha. Mafuta ya freni yanazila, lakini polepole. Sasa ile moteri iko nzito mara mbili. Kwa tambarare gari itasimama, Dido atamuonyesha na watapiga makofi. Kwa mteremko wa kwanza itasimama. Wa pili itasimama kidogo. Halafu mguu utaenda mpaka chini na hakuna kitu."

"Si umwambie yaya?"

"Nimemuambia mara tatu, na wewe ulikuwa kwa pazia. Alicheka mara tatu. Mimi ni mutani yake. Hata nikilia atasema mutani leo analia vizuri." Akachukua vile vipande, akavirudisha mfukoni. "Wewe njo unamusomea barua. Neno lako analipima. Mwambie asubiri. Aende na pikipiki, Zena hataoza. Lakini sema kama wewe, bibi yangu. Usiseme kama mimi."

Nikamwambia nitasema. Aliondoka bila kula. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikimwangalia anavyopita kwenye jua, na mwili wangu wote ulijua kwamba nimepewa kitu kizito. Naapa ulijua. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuifanyia mzaha mpaka leo, na mimi nimefanyia mzaha hata jino langu la mbele.

Jioni kaka na Dido walikula sebuleni. Nilipoingia na maji ya kunawa, kaka akauliza, "Nasikia mutani alikuja kwako. Alikula chungu kizima?" Maneno yalikuwa tayari ulimini, yangu mwenyewe, mazito. Dido alinitazama. Nyuma ya Dido, kwa mlango uliokuwa wazi, niliona kulasi barazani na ufa wake. Nikafikiri: nikisema asubiri, atauliza asubiri nini, na jibu ni kulasi, na kulasi ni mimi. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya Ramazani kabisa, hata mkono kiunoni kama yeye: "Amesema moteri yako itaua mutu, na siku hiyo atakuja na sahani mbili, moja ya kula, moja ya kubeba." Walicheka mpaka kaka akakohoa. Neno nilifikisha. Mtu akinisimamisha mbele ya hakimu, neno lilifika, lote. Nilichoacha jikoni ni kwamba hakula.

Bado nilikuwa na muda. Kesho yake nilisema nitamwambia wakati wa chai, lakini alikuja mshonaji na suti. Siku nyingine kaka aliniita nimchagulie rangi ya chumba cha bibi harusi, nikachagua bluu, tukaanza kupaka, na alikuwa ananyunyiza rangi kwenye nywele zangu akicheka kama mtoto, na nani anayemkatiza kaka yake akiwa vile. Kisha Dido alianza kukata. Boneti haikufunga tena, ikabidi aitoboe tundu, na moteri ikachomoza kichwa nje kama kitu kilichozikwa vibaya. Alikata hata mhimili mmoja wa chuma chini, akaunganisha mwingine. Walipoiwasha mara ya kwanza, sauti yake haikutoka kwenye gari, ilitoka ardhini. Kioo cha diploma yangu kilitetemeka ukutani mpaka nikakishika kwa mikono miwili.

Wakaijaribu kwenye barabara ya mbele ya msikiti, mahali pa tambarare. Kaka alikwenda kasi, akakanyaga, likasimama, na watu wakapiga makofi. Ramazani alikuwa pembeni. Alikuwa amevua kofia na kuishika mkononi.

"Mutani leo amekosa neno," kaka akasema akitoka garini.

"Neno nimelitoa," Ramazani akajibu, na hakumwangalia kaka, alinitazama mimi. Nikageuka kuangalia jambo fulani kwenye paa la msikiti ambalo halikuwako.

Kaka aliondoka kwenda Wamaza siku moja kabla ya ndoa, akiendesha polepole ili asilichoshe, na Dido nyuma yake kwa pikipiki. Sikwenda. Mimi ni mtu wa nyumba; nikivuka Lualaba naumwa kichwa, na hata safari ya sokoni naitayarisha kama hija. Isitoshe kulikuwa na kupika. Simu zilikuwa hazijafika Wamaza wakati ule, kwa hiyo tulihesabu kwa jua tu: ndoa itafungwa asubuhi, alasiri watakuwa hapa. Mama Sikuzani, jirani yetu, muuza mawese, mwanamke ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuja na visu vyake viwili tukamenya ndizi. Chumba cha bluu kilikuwa na chandarua kipya na godoro ambalo bado lilikuwa ndani ya plastiki. Nilikwenda kulitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila nilipolibonyeza plastiki ilitoa sauti, na kila mara niliikuta ile alama ya kiganja changu inapanda polepole, inajaa, inapotea.

Alasiri ilipofika kweli alifika Dido, peke yake. Alisimamisha pikipiki nje ya lupango na hakuingia. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimekuwa rangi ya barabara, na sehemu nyingine rangi ambayo haikuwa ya barabara. Mama Sikuzani alimtazama mara moja tu. Akainama, akavuta kuni zote chini ya sufuria ya wali, moja moja, akazisukumia kwenye mchanga. Ndipo akamwambia, "Sema."

Dido alisema akiangalia usukani wa pikipiki yake. Ndoa ilifungwa vizuri. Waliondoka Wamaza watu wakikimbia pembeni na kurusha majani. Mteremko wa kwanza, sawa. Wa pili, yaya Asumani aligeuka nyuma akampungia mkono, na Dido alidhani ni furaha. Sasa anadhani alikuwa anaita. Wa tatu unaingia kwenye kijito. Gari halikupunguza. Liligonga ukingo wa daraja la miti, na ile moteri ikarudi nyuma, ikaingia kwao ndani. Zena alikwisha pale pale. Kaka alikuwa hai, mguu wa kulia chini ya chuma. "Na moteri," Dido akasema, "ilikuwa bado inanguruma. Ndani ya maji. Sikujua kuizima kutokea upande gani." Alilirudia hilo mara nyingi, kwamba hakujua upande gani.

Wamaza nimefika mara moja maishani, na ni hiyo. Tulitoka alfajiri kwa pikipiki, nikafika udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Mama yake Zena alinipa kiti. Aliniletea bugali na mboga, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kama mtu aliyekuwa akijiandaa kumkaribisha mkwe na hakujua namna ya kuacha kujiandaa. Nilikula, kwa sababu aliketi kunitazama. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu. "Mama, kule kwenu hakuna mutu aliona gari hiyo haifai? Hakuna aliwaambia?"

Nikasema, "Hapana, mama. Hakuna."

Nimesema nilimwaga maji kwenye moteri na mnaweza kucheka, hata mimi nacheka. Lile "hapana" sijapata bado namna ya kulichekea.

Kaka alirudi Kasongo bila mguu na akapewa chumba cha bluu, kwa kuwa kilikuwa karibu na choo na godoro lake lilikuwa jipya. Yuko humo hadi leo. Tumekipaka rangi nyingine mara mbili, lakini bluu inarudi kwenye pembe. Ramazani alikuja kwetu kwenye matanga ya Zena. Kawaida mutani ndiye anayewapumzisha watu na kilio: anaigiza marehemu, anadai sahani. Alikaa kwenye mkeka mpaka jioni, hakuigiza wala kudai sahani, akaondoka. Hakumwambia mtu yeyote kuhusu jikoni. Kwa miaka yote iliyofuata alinisalimia kwa jina langu la diploma, lote, la baba na la babu, na "bibi yangu" hakuniita tena. Mimi nilibaki nyumbani. Wachumba walikuja wawili. Wa kwanza nilimwambia nina kaka mgonjwa, wa pili nikamwambia napika vibaya, akaamini bila kuonja. Watu wakasema dada kama huyu hayuko, anamhudumia kaka yake kama yai. Nilizoea kusifiwa.

Juma lililopita, basi, Ramazani akafa, kwa uzee, kitandani kwake. Kwenye mazishi ya mutani wako una kazi: jeneza linapotoka, unalala njiani mbele yake, unasema huyu haendi popote, ana deni langu, ni mwizi, ni mlafi, mpaka wafiwa wacheke na wakupe kitambaa ndipo upishe. Walinisukuma mbele. "Mutani wa marehemu, fanya kazi." Nililala kwenye vumbi, na umri huu magoti yangu yalilia kama mlango. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilifungua mdomo. Niliona nyayo za wabebaji zimesimama sawasawa karibu na uso wangu, na hakuna kilichotoka. Wakadhani ni uchungu. Mwanawe akaniinua, akanipa kitambaa bila mimi kukidai.

Niliporudi nyumbani nilimpelekea kaka wali wake. Akauliza, "Umemtania vizuri?" Nikasema, "Nimemtania." Akala polepole, kama anavyokula siku zote, akiangalia dirishani. Nikatoka nje na yale maneno kifuani, nikaona kwamba sasa mtu pekee aliyeshiriki nami siri hii yuko chini ya udongo, na ama niiseme leo ama nizikwe nayo. Mama Sikuzani alikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni, juu ya kigoda chake, anachagua mchele. Nikavuka, nikakaa chini mbele yake, nikamwambia yote: Ramazani jikoni, sahani aliyoisukuma, vipande vya mpira, nilivyosema kwa sauti ya mutani, nilivyomjibu mama yake Zena. Nikamwambia nataka kumweleza yaya Asumani leo, kabla jua halijashuka, na naomba anisindikize, kwa sababu naogopa atakavyonitazama. Alinisikiliza bila kusimamisha vidole. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalirusha kwa kuku, kuku wakaligombania.

"Asumani anajua," akasema. "Siku mutani alikuja jikoni kwako nilikuwa hapa hapa nyuma ya ukuta, nikasikia, nikamuambia mimi mwenyewe akiwa bado kwa hospitali. Akasema, 'Mwacheni, apike.'"